Kiti cha Bertha

Jumamosi mchana, mashine ya kusaga iliyo upande wa chini wa barabara ikishanyamaza, Severina huingia ghalani, hufunga mlango kwa ndani na kukaa juu ya debe lililopinduliwa katikati ya magunia ya mahindi. Ghala lile halina dirisha, na magunia humeza mwangwi, ndiyo maana analipenda. Huvaa tochi ya kichwani ya mumewe, huiegemeza simu ndani ya kikombe cha bati kilichotandikwa kitambaa, hukohoa kidogo, kisha husoma kitabu kwa sauti, simu ikirekodi. Jogoo akiwika, hurudia sentensi. Mama mkwe akiita, hurudia ukurasa mzima, kwa sababu lazima atoke kwanza akaitikie.

Anayesomewa ni baba mkwe wake, Mzee Gwakisa, aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa mpaka alipostaafu, na aliyesoma kila kitabu kilichopita mbele yake mpaka presha ya macho ilipommaliza. Sasa anaona mwanga wa dirisha tu. Kutoka ghalani hadi sebuleni anakokaa ni kuvuka uwanja. Angeweza kusomewa uso kwa uso, akauliza pale asipoelewa, akacheka na mtu. Lakini Severina ni mke wa Samwel, mwanawe, na katika nyumba ile mkwe na baba mkwe hawaonani.

Wanyakyusa wengi siku hizi wamelilegeza jambo hilo. Kuna wakwe hapo hapo Uyole wanaopanda bodaboda moja na baba wakwe zao kwenda hospitali, na hakuna anayegeuza shingo. Kwa Mzee Gwakisa halijalegea hata uzi. Mkwe akisikia fimbo yake njiani, anapinda. Hakai chumba alimo, hamsalimii, hampi maji mkononi. Mzee alipopofuka, watu walidhani mambo yamekwisha yenyewe. Mzee akasema asiyemwona mtu ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Na njia ya kulimaliza ipo, tena nyepesi. Baba mkwe mwenyewe akitaka, humwita mkwe wake mbele ya watu, humpa kitu mkononi, basi, njia imefunguliwa. Mzee Fanueli, mdogo wake Gwakisa, alimfungulia mkwe wake kwa mche wa sabuni, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, na tangu siku hiyo wanabishana kuhusu chumvi ya mboga kila wanapokula. Mzee Gwakisa aliulizwa lini naye atafungua. Akasema ataona baada ya mavuno. Mavuno yameshaingia ghalani, Severina ameyakalia.

Severina ni binti wa Kalinga wa Igowole, huko Mufindi. Alipoolewa hakuna aliyemweleza habari hizi. Samwel alidhani mama atamweleza, mama alidhani Samwel ameshasema. Asubuhi ya kwanza akakutana na mzee njiani, kitabu kwapani, macho yake yakiwa bado mazima. Severina alipiga goti, akampa mikono yote miwili, akasema, "Kamwene, baba." Halafu akaliona jina la kile kitabu na ugeni ukamtoka. Alikuwa amekisoma. Akamwambia asimwamini yule daktari wa humo, ila pia asimchukie kabla hajafika sura za mwisho.

Mzee aligeuka bila kujibu, akashuka bondeni kwa njia ya mfereji, akafika nyumbani na matope hadi magotini. Mbuzi alichinjwa, wazee wakaombwa radhi, na Severina akafundwa mchana kutwa na shangazi wa mumewe kama mtu aliyepatikana na kosa la kuiba. Baadaye Samwel alimnong'oneza kwamba baba alikimaliza kile kitabu siku hiyo hiyo, na kwamba hakumchukia yule daktari.

Maneno hayo ndiyo yaliyomharibu Severina. Nyumbani kwa Kalinga vitabu vilikuwa vya kugombaniwa. Mama yake aliviazima parokiani kwa masista, watu wakirudi kuchuma chai mmoja alisoma na wengine walimenya viazi, na kitabu kikiisha ndipo kazi ilipoanza. Baba yake akikasirishwa na mwisho wa hadithi alitoka nje kupasua kuni zisizohitajika. Maharage yaliungua kwa sababu watu walikuwa wanamtetea mwizi wa kwenye kitabu. Uyole kulikuwa na wasomaji wawili tu, yeye na mtu asiyeruhusiwa kumwona. Samwel anauza viatu vya mtumba sokoni Mwanjelwa, anasoma namba za soli. Mama mkwe, Mama Atuganile, anasoma kitabu cha nyimbo za kanisani, nacho anakijua kwa moyo. Kumaliza kitabu ukakosa mtu wa kumwambia ni mateso, na asiyeyajua ashukuru. Severina alikuwa akitamani kitu kimoja tu katika ndoa ile, akae sebuleni na yule mzee, wabishane.

Macho ya mzee yalipozima, Samwel alimletea vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Mzee hakuvipenda. Alisema yule msomaji anasoma kana kwamba anatangaza misiba redioni. Ndipo Samwel akasema mke wake anasoma vizuri, na familia ikakaa kikao kuamua kama sauti ya mkwe ni mkwe. Wakazungushana hadi chai ikapoa. Mwishowe Mama Atuganile akasema, "Simu si mtu," na kila mmoja akaona ni kweli. Tangu hapo simu ikapewa nafasi yake sebuleni, juu ya kitambaa kilichofumwa na Severina, kando ya spika ndogo aliyoinunua Samwel. Aliyekifuma alibaki jikoni.

Kila Jumapili baada ya ibada walikusanyika kusikiliza kilichosomwa Jumamosi. Alikuja Mzee Fanueli, anayependa vitabu vyenye vita, na kama hakuna vita basi angalau ng'ombe. Alikuja Mama Gloria, jirani, muuza vitunguu Mwanjelwa, anayependa kila kitabu alichokisikia mwisho kuliko vyote vilivyotangulia. Yeye alikuwa akirushiwa sauti zile kwenye simu yake na kuzipeleka sokoni. Kule wanawake waliokuwa hawajawahi kununua kitabu wakaanza kuulizana asubuhi yule mtoto wa mchungaji wa kwenye kitabu amefikia wapi, na wateja wakasubiri chenji mpaka sura iishe. Msomaji alisifiwa sana. Walisema ana sauti ya mtu anayekuangalia. Hakuna aliyeuliza yuko wapi, maana wote walijua yuko jikoni, anakaanga mihogo yao.

Kitabu cha Bertha alikileta Samwel kutoka kwa mtu anayetandaza vitabu vikuukuu chini, karibu na stendi. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo jina lake halikujulikana, nao wakakiita kitabu cha Bertha. Ni habari ya mwanamke aliyeolewa kwa Mzee Liberatus, mtu mwenye mali na watu, ambaye hakumpa mkwe wake kiti. Katika nyumba ile Bertha alikula amesimama barazani, mvua au jua, kwa kuwa kwao walikuwa maskini. Severina aliposoma sura hiyo ghalani, ilibidi asimamishe simu, ajifute uso kwa upindo wa kitenge, aanze upya.

Jumapili yake wakaisikiliza. Mzee Gwakisa alipiga sakafu kwa fimbo.

"Mtu anamnyima mkwe wake kiti," alisema. "Kiti tu. Mtu wa namna hiyo mimi nisingempa hata salamu."

Jikoni, Severina alikuwa kwenye kigoda akipuliza moto. Mama Atuganile alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia. "Baba yenu ana huruma sana," alisema, akachukua sinia.

Sauti ilikuwa bado inasoma mlango ulipogongwa. Alikuwa Bertha. Alikuwa na mzigo wa kuni kichwani na miguu yake ilikuwa imelowa, kwa kuwa kwenye sura ile mvua ilikuwa inanyesha, ingawa Uyole kulikuwa na jua kali na vumbi. Mama Gloria alimpokea kuni, akaziweka barazani. Mzee Gwakisa aliuliza ni nani, akaambiwa.

"Karibu, mama," alisema. "Tulikuwa tunakusikiliza. Mpeni kiti."

Wakampa kile cha karibu na dirisha, chenye mto. Bertha alikitazama kwanza, kisha akakaa ukingoni, kama wanavyokaa watu wasiozoea. Mama Atuganile alirudi jikoni kusema kikombe kiongezwe, na kwamba mgeni hatumii sukari, imeelezwa kitabuni. Severina akaongeza kikombe. Kuni zilikuwa mbichi, ikabidi zianikwe.

Tangu siku hiyo Bertha alikuja kila Jumapili. Watu wa sokoni walipopata habari hawakushangaa. Mmoja alisema ni haki, msomaji kasoma vizuri. Walimtumia vitunguu kwa mkono wa Mama Gloria. Bertha na Mzee Gwakisa waliongea sana. Mzee alimuuliza habari za shamba lake, akamweleza naye habari za ushirika, akamwuliza kama mumewe wa kwenye kitabu anampenda kweli au anamwogopa tu baba yake. Bertha alijibu yote aliyoyajua. Mzee alikuwa na furaha ambayo mkewe alisema hajaiona tangu macho yapotee. Severina aliisikia furaha hiyo kupitia pazia la mlango wa jikoni, huku akimenya ndizi, na ilimchoma vibaya. Mwanamke yule alikuwa hajazaliwa na mtu. Yeye Severina ndiye aliyempeleka pale, neno kwa neno, na sasa yule alikuwa na kiti.

Baadaye akaja pia Mzee Liberatus mwenyewe, amevaa koti jeusi, anadai mkwe wake arudi nyumbani kupika. Hapo Mzee Gwakisa aliamka kwenye kochi. Akaagiza Liberatus asipewe nafasi ya kukaa, ale amesimama barazani mpaka ajue utamu wake. Ikawa hivyo. Kila Jumapili Liberatus alisimama barazani na sahani yake mkononi, akila polepole, na Mzee Fanueli alitoka mara kwa mara kuhakikisha hajaegemea nguzo. Sahani hiyo ilipakuliwa na Severina, aliyekula baadaye, chakula kikishapoa, kando ya moto.

Siku moja Bertha alikuja jikoni kunawa mikono. Walikuwa peke yao. Severina alimmiminia maji, akamwangalia vidole, vilikuwa na makovu kama alivyoyasoma.

"Kule mwishoni," Severina alimwuliza, "unamsamehe kweli?"

"Sijafika huko," alisema Bertha. "Hujanisomea."

Severina alikuwa ameshafika. Yeye husoma kitabu chote kwanza kimyakimya, ndipo akisome kwa sauti, ili asije akakosea mahali pa kupumua. Alijua kwamba katika sura ya mwisho Liberatus anaugua, watoto wake wote wanamkimbia, na Bertha peke yake anamwosha, anamlisha uji kwa kijiko, anamsamehe yote bila hata kuombwa. Liberatus anakufa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Bertha. Severina aliuchukia mwisho ule mpaka akakosa usingizi. Aliona ni uongo. Mtu aliyeliwa na mbu barazani miaka yote ile hasahau kwa sababu mwenzake ameshikwa na homa. Mwandishi alikuwa amechoka, anataka kwenda kulala, akamsukumia mwanamke kazi ya kufunga kitabu. Hayo ndiyo aliyotaka kusema. Alikuwa ameyapanga kichwani, hoja ya kwanza mpaka ya mwisho, na alijua pia mzee angemjibu nini, na yeye angerudisha nini. Kilichokosekana ni mlango tu.

Alifikiri kuubadilisha. Nani angejua? Kitabu hakikuwa na jalada. Lakini kwao alifundishwa kwamba anayesoma kwa niaba ya wengine hachezi na kazi ya mtu, na hilo alilishika. Jumamosi akausoma mwisho ule kama ulivyoandikwa, vizuri kabisa, bila kuharakisha.

Jumapili Liberatus aliingizwa ndani akiwa ameshikwa mabega, akalazwa kwenye kochi. Bertha alimwosha kwa maji ya beseni ambayo Severina aliyapasha. Alimlisha uji ambao Severina aliukoroga. Akamsamehe mbele ya wote, na Liberatus akafa, wakamfunika kwa kitambaa cha kochi. Mama Gloria alilia sana. Mzee Fanueli alitoa kofia. Sauti ikasoma sentensi ya mwisho, Bertha akainuka, akatoka na kuni zake, hakuaga mtu. Jioni walipofunua kitambaa kochi lilikuwa tupu, na Mama Atuganile akakipeleka kwa Severina kikafuliwe.

"Huo ndio mwisho bora niliowahi kuusikia," Mzee Gwakisa alisema. "Yule ni mwanamke mwenye moyo."

Severina aliacha vyombo. Akamwita Samwel uwanjani, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba hawezi tena. Amwambie baba kwamba mavuno yameshaisha, kwamba kitabu kimemkaba hapa kooni, afungue njia hata kwa kijiti cha kiberiti, mkwe aingie, aseme lake, kisha arudi jikoni kama wanataka. Samwel ni mtu mpole. Aliingia ndani, akakaa muda mrefu kuliko maneno yale yalivyohitaji, akatoka akikuna shingo.

"Anasema ndaga fijo, asante sana, kwa kusoma," alisema. "Anasema ile sauti ameizoea ilivyo. Ukiingia utakuwa mtu, na yeye ataona haya kuisikiliza. Anasema usimharibie."

"Ulimwambia kuhusu mwisho?"

"Nilimwambia umependa."

Severina alirudi kwenye vyombo vyake. Wiki nzima alipika, akapalilia viazi, akachota maji bombani, mdomo mkavu. Mama mkwe alidhani ana mimba, akafurahi.

Jumamosi hakukuwa na kitabu kipya. Severina aliingia ghalani hata hivyo, akawasha simu. Hakuwa na karatasi. Alisema kwa sauti ile ile ya kusoma kwamba kitabu cha Bertha kilikuwa na ukurasa mmoja uliobaki, na ukurasa wenyewe ndio huu: Jumapili moja mkwe kutoka Igowole, jina lake Severina, aliingia sebuleni kwa Mzee Gwakisa kupitia mlango wa mbele. Akawasalimu wazee kwa adabu. Akapewa kiti cha Bertha, karibu na dirisha, akakaa, na mzee akamwuliza maoni yake kuhusu mwisho wa kitabu. Hapo aliishia. Majibu hakuyasoma, aliona atayasema mwenyewe akifika.

Jumapili alivaa kitenge chake cha harusi na kusimama nyuma ya pazia la jikoni, mikono ameiosha. Aliisikia sauti yake ikimaliza. Alishika pazia, tayari kuzunguka uwanja aingie kwa mbele kama alivyojisoma.

Mlango wa mbele ukagongwa.

Aliyeingia alikuwa Severina. Alivaa kitenge kile kile, kimepigwa pasi vizuri zaidi. Alipiga goti, akawasalimu wazee kwa adabu. Mama Gloria alimpisha, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, na hakukaa ukingoni, alikaa vizuri. Mzee Gwakisa aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti. Aliitambua mara moja.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Umenisomea mambo makubwa. Sasa niambie, mwanangu, ule mwisho uliuonaje?"

Nyuma ya pazia Severina alifungua mdomo.

"Ni mwisho mzuri sana, baba," alisema yule aliyekaa. "Mimi nakubaliana nawe kabisa."

Mzee alicheka kwa raha. Akaeleza kwa nini ni mzuri, akaeleza tena, na yule wa kwenye kiti akaitikia kila sentensi. Mzee Fanueli alijaribu kusema kwamba yeye aliona Liberatus kafa kirahisi mno, lakini wote wawili walimpinga, mzee na mkwe, wakisaidiana maneno. Mwishoni Mzee Gwakisa alipapasa mfukoni, akatoa kalamu yake ya tangu enzi za ushirika, akamwekea yule mwanamke mkononi mbele ya watu, akasema njia imefunguliwa. Mama Atuganile alipiga vigelegele. Mama Gloria alisema leo amefurahi kuliko siku ya Bertha.

Samwel alikuja jikoni kuchukua chai. Alimkuta mkewe amekaa chini, mgongo ukutani.

"Baba amekufungulia," alisema. "Yamekwisha."

"Basi naingia."

Samwel alifikiri. Akarudi kuuliza, kwa sababu ni mtu asiyependa kosa. Aliporudi alikuwa na uso wa kuomba radhi.

"Anasema mkwe wake ameshaingia," alisema. "Anasema wewe lete chai."

Severina alimimina chai. Aliuliza vikombe vingapi, akaambiwa kimoja kiongezwe, na sinia akapewa Mama Atuganile aipeleke, kama siku zote. Sebuleni walikuwa wamefika kwenye kuchagua kitabu kitakachofuata. Mzee alimpa mgeni wake heshima ya kuchagua, na mgeni akasema chochote utakachopenda wewe, baba. Mzee akapenda kimoja kirefu kuhusu mtawala na wake zake, kilichokuwa kabatini miaka mingi, na Samwel akakileta jikoni, akakiweka juu ya kinu ili kisilowe.

Yule mwanamke aliondoka jua likielekea kuzama upande wa Mbalizi, akisindikizwa hadi barabarani. Ameendelea kuja kila Jumapili. Mzee Gwakisa anasema hajawahi kupata mtu wa kuongea naye vitabu hivi. Sokoni Mwanjelwa watu humsifu Severina kwamba ana bahati, kwamba wakwe wachache wamefika alipofika, na wengine wamewaambia binti zao wajifunze kusoma kwa sauti.

Jumapili ile ya kwanza, wageni walipokwisha kutawanyika, Samwel alikuja kula na mkewe jikoni. Ugali ulikuwa wa moto, mboga ilikuwa maharage. Alinawa, akamega tonge, akatabasamu.

"Umeongea vizuri leo," alisema. "Baba amefurahi."

Severina alimwambia kwamba ule mwisho ni uongo mtupu. Akamwambia yote, hoja ya kwanza mpaka ya mwisho, barazani, mbu, homa, mwandishi aliyechoka, na kwamba yeye hakubaliani na mzee hata neno moja na hatakubaliana mpaka anazikwa. Sauti yake ilipanda, kuku wakaamka bandani. Samwel alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni msikilizaji mzuri. Alimaliza tonge lake kwanza.

"Lakini mchana umesema unakubali," alisema. "Wote tumekusikia."